Ua la pareto na siri ya neva: Jinsi sumu ya shambani ilivyowafunza wanasayansi kuhusu ubongo

UA la pareto ni dogo, jeupe pembeni na la manjano katikati, na mtu asiyelifahamu angelidhania kuwa pambo la bustani. Lakini ndani yake mna sumu inayomwangusha nzi kwa muda mfupi mno, na ambayo kwa miaka mingi iliwapa riziki wakulima wa maeneo ya baridi ya Nyeri, Meru, Laikipia na nyanda nyinginezo za juu za Kenya.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sumu hiyo, pamoja na nyingine za namna yake, imewafunza wanasayansi mengi kuhusu ubongo wa binadamu. Elimu tuliyo nayo leo kuhusu namna neva zinavyopeleka habari, namna ganzi ya daktari wa meno inavyofanya kazi, na hata namna baadhi ya dawa za kifafa zinavyotuliza degedege, ilipatikana kwa kiasi kikubwa na watafiti walioamua kuchunguza sumu.

Mmoja wa watafiti hao ni marehemu Profesa Toshio Narahashi, Mjapani aliyezaliwa mwaka wa 1927 na kufariki Aprili 2013 nchini Marekani. Kwa zaidi ya nusu karne, msomi huyo alishughulikia swali moja: je, sumu inapoingia mwilini, inagusa nini hasa katika neva?

Swali hilo si la maabara pekee. Linamhusu mkulima wa kabichi kule Kieni, mwenye mibuni Mathira, mkulima wa mishiri Kirinyaga na kibarua wa vivungulio vya maua karibu na Timau. Wote hao hushughulika na sumu za neva karibu kila msimu, na mlango ambao sumu hizo hubisha katika mwili wa mdudu unapatikana pia katika mwili wa anayebeba pampu mgongoni.

Pareto ilivyofika Kenya

Asili ya pareto ni pwani ya Dalmatia, katika nchi inayoitwa Kroatia hivi leo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkuu duniani. Wajapani ndio waliobuni dawa ya mbu ya kuchoma, ile koili ya kijani ambayo huwashwa usiku katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na hapo mwanzo ilitengenezwa kwa unga wa pareto.

Nchini Kenya, zao hili lililetwa na walowezi mnamo 1928. Vita vilipozuka na biashara ya Japani kukatika, Kenya ilichukua nafasi yake na kuwa kinara wa dunia. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, ambao uliwafungulia wakulima Waafrika njia ya kukuza mazao ya biashara, pareto ilianza kuonekana katika mashamba madogo ya nyanda za juu, kwenye baridi ambayo mibuni haiwezi kuistahimili.

Baridi hiyo ni ya lazima. Mmea wa pareto usipopata majuma kadhaa ya ubaridi hautoi maua ya kutosha. Ndiyo maana hustawi katika miinuko, na ndiyo maana mahali ambapo wengine huona baridi ya kuudhi, mkulima wa pareto huona mtaji.

Maua huchumwa kwa mkono, kisha hukaushwa. Sumu yenyewe, iitwayo pirethrini, haimo katika petali nyeupe bali kwa sehemu kubwa imo katika vijimbegu vilivyobanana katikati ya ua. Ni mchanganyiko wa kemikali sita zinazofanana, na kwa kawaida huwa asilimia moja hadi mbili tu ya uzito wa ua kavu.

Wanakemia wawili waliofanya kazi Uswisi, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, walichapisha mwaka wa 1924 maelezo ya jinsi kemikali hizo zilivyoundwa. Wote wawili walikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel baadaye. Hata hivyo, kujua sumu imeundwaje ni jambo moja, na kujua inauaje ni jambo jingine. Hapo ndipo Narahashi alipoingia.

Neva hupelekaje habari?

Ili kumwelewa profesa huyo, ni sharti kwanza tuelewe neva. Neva ni uzi mwembamba sana wa seli unaopeleka habari kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Unapokanyaga mwiba, habari ya maumivu hupita katika nyuzi hizo kutoka mguuni hadi kwenye ubongo.

Habari hiyo ni umeme mdogo. Umeme huo hauendi kama ule wa nyaya za stima. Huzalishwa na chumvichumvi zilizomo mwilini. Nje ya uzi wa neva kuna sodiamu nyingi, na ndani kuna potasiamu nyingi. Kwenye ukuta wa uzi huo kuna milango midogo isiyoonekana kwa macho. Habari inapofika, milango ya sodiamu hufunguka kwa muda wa takriban elfu moja ya sekunde, sodiamu huingia kwa kishindo, kisha milango hufungwa. Tendo hilo huamsha milango ya jirani, nayo jirani huamsha ya mbele yake, hadi habari ifike inakokwenda.

Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza mpango huo mwaka wa 1952 kwa kuchunguza neva nene ya ngisi, na wakatunukiwa Nobel mwaka wa 1963. Lakini wakati huo hakuna aliyekuwa ameuona mlango wenyewe. Wapo waliojiuliza iwapo sodiamu na potasiamu zilipitia mlango mmoja au milango miwili tofauti.

Kutoka kwa mende hadi kwa bunju

Narahashi alianza utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Tokyo miaka ya hamsini. Kazi yake ya kwanza ilihusu dawa za kuua wadudu, ikiwemo DDT, na mnyama wake wa majaribio alikuwa mende. Aliunganisha vyombo vya kupimia umeme na neva za mdudu huyo, akamtia sumu, kisha akatazama jinsi umeme ulivyobadilika.

Alichokiona kilimshangaza. Neva iliyopaswa kutoa mshtuko mmoja wa umeme ilitoa mingi mfululizo, kana kwamba kengele iliyopigwa mara moja imekataa kunyamaza. Mdudu alitetemeka, akapinduka, na hatimaye akapooza.

Mnamo 1961 alihamia Marekani, akafanya kazi kwa muda katika Chuo Kikuu cha Chicago na kisha Chuo Kikuu cha Duke. Miongoni mwa alivyokuwa navyo ni kiasi kidogo cha sumu ya samaki bunju kutoka Japani. Wakazi wa pwani yetu wanamjua bunju: ni yule samaki anayejifura akitishwa, na ambaye mvuvi mwenye busara humrudisha majini. Sumu yake, tetrodotoksini, humwacha mtu na akili zake timamu huku misuli yote ikizimika, hata ya kupumulia.

Narahashi alikuwa tayari ameanza kushuku, akiwa Japani, kwamba sumu hiyo inafunga mlango wa sodiamu peke yake. Akishirikiana na John Moore na William Scott, aliijaribu katika neva nene za kambamti, yule kamba mkubwa wa baharini. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 1964: sodiamu ilizuiwa kabisa, ilhali potasiamu iliendelea kupita kama kawaida.

Kwa jaribio hilo moja, mambo mawili yalibainika. Mosi, milango ni miwili na kila mmoja una njia yake. Pili, sumu inaweza kutumiwa kama kurunzi, ikamulike sehemu moja tu ya mashine kubwa ya neva. Tangu hapo wanasayansi kote duniani walianza kutumia sumu kutafuta milango na vipokezi vya mwili. Mwaka wa 1984 kikundi cha Profesa Shosaku Numa wa Kyoto, Japani, kilifaulu kusoma muundo kamili wa mlango wa sodiamu kutoka kwa samaki wa umeme, na sumu ya bunju ilikuwa imesaidia sana kuufikia.

Ganzi ya daktari wa meno nayo iliingia katika maelezo hayo. Narahashi na wenzake walionyesha mwaka wa 1970 kwamba dawa za ganzi hupenya kwanza ndani ya neva, kisha huziba mlango kutoka upande wa ndani. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, hutuliza mlango huohuo ili ubongo usitoe umeme kupita kiasi.

Pareto huuaje?

Ikiwa sumu ya bunju huufunga mlango wa sodiamu, pareto hufanya kinyume chake: huuzuia usifungwe. Mlango uliopaswa kufunguka kwa elfu moja ya sekunde hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Sodiamu huendelea kuvuja ndani, na neva hupiga kelele bila kukoma. DDT hufanya jambo linalokaribiana na hilo katika mlango uleule.

Narahashi aligundua kwamba si lazima milango mingi iharibiwe. Katika neva, kuacha wazi chini ya mlango mmoja katika kila 100 kunatosha kuanzisha mfululizo wa mishtuko. Hii ndiyo sababu sumu kidogo mno humwangusha mdudu mara moja.

Swali la pili ni la kila mkulima. Iwapo mtu naye ana milango ya sodiamu, kwa nini pareto imuue mdudu na kumwacha mtu?

Utafiti ulitoa majibu kadhaa. Mlango wa mdudu hunaswa na sumu hii kwa urahisi zaidi kuliko wa mamalia. Aidha, pirethrini huwa na nguvu zaidi mahali pa baridi. Mwili wa mdudu hufuata hali ya hewa, na asubuhi ya baridi kali Nyeri naye huwa baridi. Mwili wa binadamu hukaa kwenye joto la nyuzi 37 daima. Isitoshe, mtu ni mkubwa, na ini lake huivunjavunja sumu hii kabla haijafika kwenye neva. Profesa John Casida wa Berkeley, California, aliyefariki mwaka wa 2018, alieleza kwa kina namna mwili wa mamalia unavyofanya kazi hiyo.

Sababu hizo zikijumlishwa, tofauti kati ya mdudu na mtu huwa kubwa mno. Lakini tofauti ni ya kipimo. Mlango ni wa aina moja. Mtu aliyemwagikiwa na dawa nzito za jamii hii huhisi ngozi ikimwasha na kuchomachoma usoni na mikononi. Hiyo ni milango ya neva zake za ngozi ikikataa kufungwa.

Samaki na nyuki hawana bahati yetu. Pareto na hasa dawa zilizoundwa viwandani kwa kuiga muundo wake huwaua kwa kiwango kidogo sana. Mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare ina samaki aina ya trauti, ambao serikali imekuwa ikiwazalisha Kiganjo kwa miaka mingi. Anayesafishia pampu yake mtoni huua samaki asiowaona, na walio chini ya mkondo hunywa maji hayohayo.

Sumu za ukoo mwingine

Narahashi hakuishia kwenye mlango wa sodiamu. Baada ya kuwa mkuu wa idara ya famakolojia katika Chuo Kikuu cha Northwestern, jijini Chicago, mwaka wa 1977, alielekeza macho kwenye vipokezi.

Kipokezi ni nini? Nyuzi mbili za neva zinapokutana, haziungani moja kwa moja. Kuna upenyo mdogo kati yao. Neva ya kwanza humwaga kemikali kwenye upenyo huo, na kemikali hiyo hunata kwenye kipokezi cha neva ya pili kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Kipokezi kikipata ufunguo wake, habari huendelea.

Mmoja wa funguo hizo ni asetilikolini, inayoamrisha misuli kukaza, mate kutoka na mapafu kufanya kazi. Funguo nyingine, kama ile iitwayo GABA, hutuliza ubongo. Maabara ya Narahashi ilichunguza jinsi pombe, zebaki, risasi na dawa mbalimbali za wadudu zinavyoingilia vipokezi hivyo. Katika miaka yake ya mwisho alichunguza pia dawa za ugonjwa wa Alzheimer wa kupoteza kumbukumbu, kama galantamini na memantini, ambazo nazo hufanya kazi kwenye vipokezi.

Hapa ndipo mkulima anapaswa kutega sikio. Baadhi ya dawa kali ambazo zimetumiwa katika mashamba ya kahawa, mboga na mpunga si za jamii ya pareto. Ni za jamii iitwayo oganofosfeti, na miongoni mwake ni klorpirifosi, dimethoeti na nyinginezo. Asili yake ni Ujerumani miaka ya thelathini, ambako mwanakemia Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa za wadudu, akajikuta ameunda pia gesi za kivita. Sarini, iliyotumiwa na magaidi katika treni za chini ya ardhi jijini Tokyo mwaka wa 1995, ni ya ukoo huo.

Sumu hizi hazigusi mlango wa sodiamu. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kufagia asetilikolini mara tu inapomaliza kazi. Oganofosfeti hukinasa kimeng'enya hicho. Asetilikolini hujaa, vipokezi hubaki vikiamrishwa bila kupumzika, na mwili hupotewa na mpangilio.

Tofauti na pareto, hapa ini haliokoi sana. Tena baadhi ya oganofosfeti huwa kali zaidi baada ya kupita kwenye ini. Na kimeng'enya kilichonaswa huenda kikachukua majuma kadhaa kurejea kiwango chake. Mtu anayepulizia kila juma bila kinga anaweza kuwa anapunguza akiba yake kidogo kidogo bila kuhisi lolote, hadi siku ambayo dozi ndogo inamlaza kitandani. Jirani zake hushangaa kwa kuwa dawa ni ileile aliyoizoea.

Maziwa si kinga

Katika vijiji vingi kuna imani kwamba anayepulizia dawa akinywa maziwa, sumu itakwisha nguvu. Imani hiyo haina msingi. Sehemu kubwa ya sumu hiyo huingia kupitia ngozi, hasa ya mikono, mgongo ulioloweshwa na pampu inayovuja, na uso. Maziwa yaliyo tumboni hayawezi kumfikia kimeng'enya aliyenaswa kwenye neva.

Kinachosaidia ni mambo ya kawaida: glavu za mpira, viatu vya mpira, nguo za mikono mirefu, kuziba pua na mdomo kwa kifaa kinachofaa, kutopulizia upepo unapoelekea kwako, kutokula wala kuvuta sigara kazini, na kuoga kwa sabuni mara tu baada ya kazi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, wala si pamoja na za mtoto.

Dalili za mtu aliyedhuriwa na oganofosfeti ni kutokwa na mate, machozi na jasho kwa wingi, mboni za macho kusinyaa, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Mtu kama huyo aondolewe mahali penye dawa, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha akimbizwe hospitalini. Anayemsaidia avae glavu, maana sumu iliyo kwenye nguo humwingia naye. Asilazimishwe kutapika. Chupa ya dawa au karatasi yake yenye maelezo ipelekwe pia, kwani daktari akiijua sumu huokoa muda.

Dawa anayoitumia daktari mara nyingi ni atropini, ambayo yenyewe ni sumu ya mimea. Atropini huketi juu ya kipokezi na kukizuia kisipokee amri za asetilikolini iliyojaa. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na katika jambo hili sayansi imewaunga mkono.

Dawa za shambani zihifadhiwe katika kabati lenye kufuli, ndani ya chupa zake halisi. Kuitia sumu katika chupa ya soda ni kumtegea mtoto. Kufuli hilo pia humkinga mtu mzima aliye katika saa ya kukata tamaa, kwani mara nyingi saa hiyo hupita asipokuwa na sumu karibu.

Ulimwengu umeanza kuzipa kisogo baadhi ya sumu hizi. Umoja wa Ulaya uliacha kuidhinisha klorpirifosi mwaka wa 2020 kwa hofu kwamba inadhuru ubongo wa mtoto unaokua. Mwaka wa 2025 mataifa yaliyotia saini Mkataba wa Stockholm yaliiweka katika orodha ya kemikali za kukomeshwa, ingawa matumizi kadhaa yaliruhusiwa kwa muda. Wakulima wa mishiri wanakumbuka kwamba mnamo 2013 Ulaya ilizidisha ukaguzi wa maharagwe na minji kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa. Kwa hivyo suala hili ni la afya na la mfuko pia.

Mbu wamejifunza

Elimu ya mlango wa sodiamu ina umuhimu mwingine. Neti zenye dawa ambazo zimesambazwa katika maeneo yenye malaria hutumia dawa zilizoigwa kutokana na pareto. Mwea, kwenye mashamba ya mpunga yaliyo chini ya Mlima Kenya, ni mojawapo ya sehemu ambazo mbu hustawi.

Dawa hizo za kuigwa zilianza na alethrini mwaka wa 1949. Katika miaka ya sabini, Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, waliunda permethrini na deltamethrini, ambazo haziharibiwi upesi na jua kama pareto halisi. Udumu huo ndio uliozifaa neti.

Lakini mbu nao wamebadilika. Mwaka wa 2000 watafiti walitangaza kwamba mbu wa Anopheles gambiae nchini Kenya walikuwa na badiliko dogo katika mlango wao wa sodiamu, sehemu moja tu ya muundo wake, ambalo huifanya dawa ishindwe kunasa. Kwa kuwa DDT nayo hutumia mlango huo, mbu aliyeizoea moja huenda akaizoea na nyingine.

Kwa kuwa wanasayansi walijua mlango uliohusika, walijua pa kutafuta njia nyingine. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono neti zilizoongezwa kemikali inayodhoofisha vimeng'enya vya mbu vya kuvunja sumu, na mwaka wa 2023 likapendekeza neti zenye dawa ya pili isiyotegemea mlango wa sodiamu.

Funzo hilo linahusu shamba pia. Anayepulizia dawa ya jamii moja kila msimu huwafunza wadudu kuistahimili. Kubadilisha jina la dawa bila kubadilisha jamii yake ni kazi bure, kwani mlango ni uleule. Ni heri mkulima aulize katika duka la pembejeo, au amuulize afisa wa kilimo, dawa hiyo ni ya jamii gani.

Mustakabali wa pareto

Huku sayansi ikiipa pareto sifa, zao lenyewe liliporomoka nchini mwetu. Kwa miongo kadhaa Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne hii malipo yalicheleweshwa, wengine wakakaa miaka bila kupata haki yao, na wakulima wengi waling'oa mimea na kupanda viazi na mboga. Jimbo la Tasmania nchini Australia, ambako maua huvunwa kwa mashine, likachukua uongozi wa soko. Sheria ya Pareto ya 2013 ilifungua biashara hiyo kwa kampuni za kibinafsi, na tangu hapo juhudi za kulifufua zao zimeendelea katika kaunti kadhaa za nyanda za juu.

Je, pareto ni jibu la matatizo yote? La hasha. Kwa kuwa huharibiwa upesi na jua, hufaa zaidi kupuliziwa jioni, na mkulima huenda akahitaji kurudia. Inaua nyuki ikiwapata mauani. Bei yake nayo hushinda ya dawa nyingi za viwandani. Lakini haidumu udongoni, na mwili wa binadamu una uwezo mkubwa wa kuivunja. Katika wakati ambapo wanunuzi wa ng'ambo na walaji wa humu nchini wanauliza chakula chao kimepuliziwa nini, sifa hizo zina thamani.

Narahashi alizaliwa katika nchi iliyokuwa ikiongoza kwa pareto, akafa wakati ambapo nchi iliyoirithi ilikuwa imeipoteza nafasi hiyo. Alichokiacha ni elimu inayomwezesha mkulima wa leo kuelewa sababu ya kila onyo lililoandikwa kwenye chupa. Onyo la kuvaa glavu lina mlango wake, onyo la kutochafua mto lina mlango wake, na onyo la kubadilisha dawa lina mlango wake.

Kabla ya kujaza pampu msimu ujao, basi, mkulima asome karatasi ya dawa hadi mwisho. Kama maandishi ni madogo au lugha ni ngumu, amwombe mwanawe aliye shuleni amsomee, wakiwa mbali na dawa yenyewe. Dakika tano hizo ni bei nafuu ya kulinda neva ambazo, zikishaharibika, hazinunuliki katika duka lolote la Karatina wala Nanyuki.